Barua Zaingia, Kutoka Hazitoki

Bi Fundi ajibu maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na simu

Mwezi huu karibu kila aliyeniandikia ana ugonjwa mmoja: barua pepe anapokea, kutuma hawezi. Nimechagua wanne ambao sababu zao hazifanani, na nimewajibu kwa urefu unaolingana na shida yenyewe. Menyu za programu za barua pepe, kama Thunderbird na Outlook, kwenye mashine nyingi za hapa Mombasa ni za Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kwenye kioo nayaandika kama yalivyo, mpate kuyatambua mkiyaona.

*Bi Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, Changamwe. Twatumia Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani, na anwani ni ya kampuni, si ya Gmail. Tangu tuhamie jengo jingine na kuvutiwa intaneti ya watu wengine, barua zaingia kama kawaida. Nikituma, yazunguka weee, halafu naambiwa seva ya kutuma haikujibu, muda umekwisha. Neno la siri sijabadilisha. Barua hiyohiyo nikiituma kupitia kivinjari, yaenda. Kijana wa duka la jirani asema ni virusi, aifomati mashine kwa shilingi elfu mbili, na bosi ashakubali. Nimwachie? Mteja anangoja hati na kontena liko bandarini.*
Karani, Changamwe

Waalaikum salaam, mwanangu. Usimwachie. Hati za mteja zitume sasa hivi kwa kivinjari, kontena lisije likalipiwa stoo bure, kisha urudi hapa tuzungumze kwa utulivu.

Hebu tumuulize huyo kijana: ni virusi gani hivyo vyenye adabu ya kuziachia zinazoingia na kuzuia zinazotoka tu, tena vikaanza siku ileile mliyohamia? Kufomati ndiyo dawa ya asiyetaka kusoma. Mashine inafutwa, programu zinawekwa upya, mipangilio inarudishwa ileile iliyokuwa mbovu, na barua bado haitoki. Tofauti ni kwamba mtu ashalipwa.

Kupokea na kutuma ni kazi mbili, ijapokuwa kwenye kioo zaonekana kitu kimoja. Chukua mfano wa sanduku la posta. Barua zako wazifuata mwenyewe kwa ufunguo wako. Ya kutuma waipeleka dirishani, na huko kuna mtu mwingine mwenye masharti mengine. Dirisha likifungwa, ufunguo wako hauna kosa. Ndani ya Thunderbird upande wa kupokea unatumia kanuni za POP au IMAP, upande wa kutuma unatumia za SMTP, na kila upande una jina lake la seva (kompyuta ya mbali inayoshughulikia barua), poti yake (namba ya mlango wa kupitia) na neno lake la siri lililohifadhiwa peke yake. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu upande unaofanya kazi usiguswe hata kidogo. Wengine huniletea mashine wakiwa washaifuta akaunti nzima ili waiweke upya. Kwa mwenye POP, ambaye barua zake huenda zimekaa kwenye mashine hiyo peke yake, huo ni mchezo wa hatari.

Sasa soma tena ulichoniandikia: haikujibu, muda umekwisha. Jibu limo humo humo. Seva ya kutuma hukukatalia kwa namna tatu kubwa. Ya kwanza ni kimya, kama chako. Ya pili hukujibu kwa namba 535, maana yake imekusikia lakini jina au neno la siri halikubaliki. Ya tatu hukujibu 550 na kutaja neno "relay", na hiyo nitaieleza kwa mzee wa Biashara Street hapo chini. Aliyepata kimya hana haja ya kuhangaika na neno la siri, kwa sababu halijafika hata mahali pa kuulizwa. Barua yako imekwama njiani, kabla ya mlango.

Kimya kinachoanza siku ya kubadilisha intaneti, mimi hukishuku poti 25 kabla ya kitu kingine chochote. Kisa chake ni cha zamani. Kanuni za SMTP ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na maabara, watu wanajuana. Hapakuwekwa neno la siri kwenye kutuma. Yeyote aliweza kuikabidhi seva yoyote barua, nayo ikaipeleka. Walipoingia wenye spamu, yaani barua taka, wakapata mteremko: kompyuta za watu majumbani zikaambukizwa, zikawa zinamwaga barua usiku kucha kupitia poti hiyo bila wenyewe kujua. Kampuni nyingi za intaneti ulimwenguni zikaamua kuifunga kwa wateja wa kawaida. Mwaka 1998 ikatengwa poti nyingine, 587, kwa ajili ya mtu kukabidhi barua yake kwa seva yake, na 25 ikabaki ya seva kwa seva. Lakini mipangilio ya zamani haikufutika. Aliyewawekea ninyi Thunderbird aliandika 25, mtandao wa jengo la kwanza ukawa haujali, na huu mpya unajali. Kupokea hakukuguswa kwa sababu kunapita poti nyingine kabisa: 110 au 995 kwa POP, 143 au 993 kwa IMAP. Na ukitumia kivinjari, mashine yako haitumii SMTP hata chembe. Yazungumza na tovuti kupitia 443, na seva huko iliko ndiyo inayopeleka barua.

Mimi hapa nakisia kutoka kwenye barua yako, kwa hiyo hakikisha kabla ya kubadilisha lolote. Kwenye Windows fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, uandike Test-NetConnection, uache nafasi, uandike jina la seva yenu ya kutuma, uache nafasi tena, kisha -Port 25. Bonyeza Enter ungoje. Mstari wa mwisho utasema TcpTestSucceeded, na mbele yake True au False. Ikiwa False, rudia amri hiyohiyo ukiweka 587, kisha 465. Ukiona 25 ni False na mojawapo ya hizo mbili ni True, kesi imekwisha. Mwonyeshe bosi kioo hicho kabla hajatoa ile elfu mbili.

Sasa dawa. Ndani ya Thunderbird nenda Account Settings, uteremke orodha ya kushoto mpaka mkiani kabisa, penye Outgoing Server (SMTP). Wengi hawaioni kwa sababu haimo chini ya jina la akaunti, imekaa peke yake mwisho wa orodha. Bonyeza jina la seva, kisha Edit. Kwenye Port weka 587, kwenye Connection security chagua STARTTLS, Authentication method iwe Normal password, na User Name iwe anwani yako nzima pamoja na kile kialama cha @ na kinachofuata. Kampuni nyingi zinazohifadhi barua hutaka hivyo. Wachache hutaka jina la mbele tu, waulize wanaowahifadhia zenu.

Ikiwa iliyojibu True ni 465, basi weka 465 na SSL/TLS. Tena si ya kudharau, kwa maana tangu 2018 wanaoandika kanuni za mtandao wanapendekeza watu waelekee huko. Lakini angalia usizichanganye. Ukiweka 465 na STARTTLS, programu yako inangoja seva isalimie kwanza kwa maandishi ya wazi, na seva inangoja programu yako ianze kusimba, yaani kuyafunga maandishi yasisomeke njiani. Wote wawili wanangojana mpaka muda unakwisha, na wewe unarudishiwa kimya kilekile ulichokikimbia. Nimeona watu wakiitukana poti 465 kwa kosa hilo.

Kama poti zote zimejibu True na bado ni kimya, itazame programu ya kuzuia virusi. Baadhi yazo hujiweka katikati kukagua barua zinazotoka. Zima hicho kipengele cha ukaguzi wa barua tu, usiizime programu nzima, ujaribu tena.

Na akija mtu kukwambia kebo ya baharini imekatika, mpe kiti akae. Tangu SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, mji huu umepata wa kumlaumu kwa kila kinachochelewa. Kebo haichagui barua za kwenda na za kuja.

Kabla sijaendelea, kuna watatu wenye 535, mmoja wao muuguzi wa Likoni, ambao wote walibadilisha neno la siri majuzi. Wapenzi, mmebadilisha upande mmoja. Programu ilipouliza neno jipya wakati wa kupokea mkaliandika, na la kutuma likabaki la zamani. Kwenye Thunderbird nendeni Settings, Privacy & Security, kisha Saved Passwords. Mtaona mistari inayoanza na imap:// au mailbox://, na mwingine unaoanza na smtp://. Futeni huo wa smtp peke yake. Mkituma barua nyingine mtaulizwa upya. Na mnaotuma kupitia seva ya Gmail, tangu 30 Mei 2022 Google haiyakubali maneno ya siri ya kawaida kutoka programu za zamani. Chagueni OAuth2 kwenye Authentication method, au kama programu yenu haina hiyo, washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti na mtengeneze neno la siri la programu, lenye herufi 16, mlitumie badala ya lenu.

*Fundi, nina duka la kanga na vitambaa hapa Biashara Street. Mwanangu aliniwekea Outlook kabla hajasafiri. Nikimwandikia ndugu yake, ambaye anwani yake ni ya duka hilihili, barua yafika. Nikiwaandikia wateja wa Dubai na Dar es Salaam, zarudi zote na namba 550. Wa kwao zaja kwangu bila tabu. Yule wa Dubai ashaanza kudhani namkwepa nisimtumie hesabu yake.*
Mwenye duka, Biashara Street

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa umeshalichunguza nusu mwenyewe bila kujua. Ndani zafika, nje zarudi. Mtu akiniambia hivyo siulizi tena.

Seva ya duka lako lazima impokee mtu yeyote anayeleta barua ya watu wa duka, bila kumuuliza neno la siri. Isingekuwa hivyo, mteja wa Dubai asingeweza kukuandikia. Basi barua yako kwa mwanao imepita kwa ruhusa hiyohiyo ya kila mtu. Seva haikujua kama ni wewe uliyeiandika, na haikujali. Lakini ukiipa barua ya kupeleka Dubai, sasa unaitaka ikubebee mzigo kwenda kwa wengine, na hapo yataka kukujua wewe ni nani. Outlook yako haijitambulishi. Seva inasema 550, inataja relay, inakurudishia. Inafanya vizuri. Seva inayombebea yeyote barua za nje bila kumuuliza haichukui muda kugeuzwa kichaka cha spamu, na seva nyingine zikaiweka kwenye orodha ya wabaya.

Kinachokosekana ni alama moja ya tiki. Kwenye Windows fungua Control Panel, kisha Mail, kisha Email Accounts. Chagua akaunti ya duka, bonyeza Change, halafu More Settings, halafu ukurasa wa Outgoing Server. Juu kabisa kuna kisanduku kimeandikwa "My outgoing server (SMTP) requires authentication". Kitie tiki. Chini yake acha palipoandikwa "Use same settings as my incoming mail server". Napendelea njia hii ya Control Panel kwa sababu matoleo mapya ya Outlook yameficha kurasa hizi, na mtu hupoteza asubuhi nzima akizitafuta. Ukiwa hapohapo, ingia ukurasa wa Advanced ubadilishe poti ya kutuma iwe 587 na usimbaji uwe STARTTLS, au TLS ikiwa toleo lako lasema hivyo. Seva iliyokuwa ikikupokelea barua za ndani bila kukuuliza chochote yaelekea unaifikia kwa 25, na siku ukibadilisha intaneti yatakukuta ya karani wa Changamwe.

Ila usiichukue kila 550 kuwa ni hii. Maneno yanayoifuata namba ndiyo yenye habari. Yakisema "user unknown" au "mailbox unavailable", basi anwani ya mteja imekosewa au imefungwa, na tiki haitakusaidia. Yule wa Dubai mpigie simu leo umweleze. Hesabu itafuata.

*Dada, mimi ni mpiga picha za harusi, Bamburi. Nilimtumia bibi harusi mmoja picha zake kwa Outlook, na tangu hapo hakuna kinachotoka, hata barua ya mstari mmoja. Zote zimejipanga kwenye Outbox. Kupokea napokea, na kati ya ninazopokea ni za mama wa bibi harusi akiuliza picha ziko wapi.*
Mpiga picha, Bamburi

Kaka, ile ya picha imelala mlangoni na nyingine zote ziko nyuma yake. Outlook inajaribu kuipeleka, inashindwa, inaanza tena.

Hukuniambia ukubwa, nami siulizi, najua kamera za siku hizi. Seva za kutuma huweka kipimo cha ukubwa wa barua, na za kampuni nyingi zina kipimo kidogo. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba kipimo hicho hakilingani na unachokiona kwenye folda yako. Barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi, kwa hiyo kila picha hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na mgeuzo huo huongeza ukubwa kwa kama theluthi. Picha za megabaiti 20 zikiondoka zimeshakuwa karibu 27. Ndiyo maana mtu huapa kwamba amepima, na kweli amepima.

Ukijaribu kuifuta ikiwa inatumwa, Outlook itakukatalia. Nenda Send/Receive, bonyeza Work Offline, ufunge programu na kuifungua tena. Sasa ingia Outbox, uifute ile yenye picha, kisha bonyeza Work Offline mara ya pili irudi hewani. Nyingine zitatoka zenyewe zikifuatana. Picha ziweke Google Drive au mahali kama hapo, umtumie bibi harusi kiungo. Na mama mtu umpelekee flashi mkononi. Akina mama wa harusi hawana subira na viungo.

*Bi Fundi, kompyuta yangu ni ya zamani, ya mezani. Stima ikipotea na kurudi, Thunderbird yapokea barua lakini nikituma inaniambia cheti cha seva si halali. Nikingoja wajukuu waje kuitengeneza inakubali, mpaka stima ipotee tena.*
Mwalimu mstaafu, Tudor

Maalim, angalia saa iliyo pembeni chini ya kioo stima ikirudi. Naamini utakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Betri ndogo ya kwenye ubao wa ndani ya kompyuta imekufa, na mashine ikikosa umeme inasahau leo ni lini. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani tuko mwaka 2009 inakiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza kutumika, na inakikataa. Wajukuu wanachofanya ni kurekebisha saa tu.

Betri hiyo kwa kawaida ni CR2032, ya duara, bapa, na yauzwa hata kwa mafundi wa saa. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa sanduku, utaiona imelala kwenye kikombe chake. Weka mpya, maandishi na alama ya kujumlisha vikitazama juu.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonitia wasiwasi. Kama saa imekosea na kupokea bado kunakubali, basi upande wako wa kupokea hauangalii cheti chochote. Huenda uko kwenye poti 110 bila usimbaji, na neno lako la siri linasafiri wazi kila programu inapokwenda kuangalia barua mpya. Katika Account Settings, kwenye Server Settings za akaunti yako, badilisha iwe 995 na SSL/TLS. Kama ni IMAP, iwe 993. Fanya hivyo baada ya kubadilisha betri, usifanye kabla, ama stima ikipotea tena utakosa kutuma na kupokea pia. Na mpaka betri ipatikane, Thunderbird ikikuletea kile kitufe cha Confirm Security Exception usikibonyeze. Rekebisha saa kwa mkono, ufunge programu, uifungue upya, ndipo utume.